Kesho Wakinipigia Simu

Merrylands, Sydney, Jumapili alasiri

Kerubo mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, maana nakusikia. Uko chumbani kwako unafungua zipu ya begi na kuifunga tena, na kila ukipita naiona ile leso niliyokutundikia mlangoni ikisukumwa na bega lako. Mimi nimekaa hapa jikoni tangu mchana. Nilianza kuchambua mchele, nikauacha. Baba yako yuko sebuleni na mpira wake, sauti ameipandisha kuliko kawaida, na wewe na mimi tunajua kwa nini. Kanisani leo hatukwenda. Hakuna aliyesema tusiende, kila mtu alijikuta tu hajavaa.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala kufua soksi. Hayo nimeyasema hadi yamekuchosha, na siku ninazofanya shifti ya jioni wewe ndiye unayejipikia na kunibakishia sahani. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na nikikuita tukae tuongee nitaanza kukuuliza kama umebeba sweta. Najijua. Mdomo wangu umezoea kuamrisha, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Asubuhi ulipita hapa ukachukua ndizi, ukasema bila kuniangalia, "They're ringing you tomorrow. At ten." Nikasema sawa. Ulisimama kidogo ukimenya ndizi yako polepole. Nafikiri ulikuwa ukingoja nikuambie nitajibu nini. Nikageukia sinki, ukaenda zako.

Basi hilo ndilo jambo la barua hii, nakupa mapema usisome ukilitafuta. Kesho asubuhi yule mfanyakazi wa vijana atakuja na gari akupeleke kwenye nyumba ya vijana kule Auburn. Ukishaondoka, yule mama wa ofisi ya serikali atanipigia aniulize, kwa mara ya pili, kama unaweza kurudi kuishi nyumbani. Nikisema ndiyo, hutapata ule msaada wa kukuwezesha kukaa huko, na utarudishwa hapa. Nikisema hapana, umekwenda. Una miaka kumi na sita, na maisha yako yamewekwa mdomoni mwangu, mdomo ule ule uliokudanganya. Najua hukulala jana. Nami sikulala.

Unakumbuka neno lenyewe lilivyoingia katika nyumba hii? Tulikuwa tunakula, ugali na sukuma na nyama ya mbuzi, ukaweka uma chini ukasema, "I want to be emancipated." Baba yako alidhani ni kitu cha masomo. Akauliza kwa furaha kabisa, "Hiyo course inachukua miaka mingapi?" Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikapaliwa na sukuma. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeangalia video za watoto wa Amerika wanaoingia kwa jaji wakiwa watoto na kutoka wakiwa watu wazima. Kesho yake nikiwa kazini nililitafuta neno hilo kwa simu, nione Kiswahili chake. Nikapata "kuachiliwa huru", nikapata "ukombozi". Hayo kwetu ni maneno ya wafungwa na watumwa. Nikarudi nyumbani nimewaka.

"Kwani umefungwa?" nikakuuliza, hata mkoba sijaweka chini. "Nani amekufunga? Kuna mtu anakunyima chakula hapa?"

Ukasema, "Mum, am I getting on that plane or not?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba unajua.

Acha niliseme lote mara moja, maana mpaka leo nimelisema vipande vipande, kila kipande nikikipaka sukari. Tulikuambia kwamba Desemba tutaenda Kenya kwa sherehe ya nyanya yako. Ulifurahi. Ulianza kujifunza salamu za Kikisii kwenye simu na kunisalimia nazo asubuhi, ukizikosea, nami nakurekebisha huku nikijua. Tulipanga kwenda watatu na kurudi wawili. Shangazi yako Moraa alikuwa ameshaongea na mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana kule kwetu. Tungekula sherehe, tungepiga picha, na siku ya kuondoka ungeambiwa. Baba yako ndiye aliyelitoa wazo hilo, lakini aliyepanga ni mimi. Yeye hajui kupanga hata pikiniki.

Kilichotuumbua ni Bosibori, binti wa shangazi yako, ambaye tangu azaliwe hana kifua. Siku moja alikutumia sauti kwenye simu: "Kerubo, niaje! Box yako imefika, ni ya blue! Tumeshaandika jina. Nimeomba tuwekwe dorm moja, walai!" Maskini, alikuwa na furaha ya kweli. Wewe hukujua "box" ni nini. Ukanijia nikipiga pasi nguo za kazi, ukaniuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Mum, box ni nini huko Kenya?" Nami kwa ujinga wangu nikakueleza. Nikakuambia ni sanduku la bati lenye kufuli, kila mtoto anayekwenda bweni hununuliwa lake, jina linaandikwa juu kwa rangi, na usiku wa kwanza unalilalia kichwa kwa sababu unaogopa kuibiwa. Nilieleza kwa madaha, pasi mkononi. Ukasikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Oh. Okay." Ukarudi chumbani. Nimeirudia dakika hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara natamani pasi ingeniunguza nikanyamaza.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako halijui lote.

Nilipokuwa mdogo kuliko ulivyo sasa, mama yangu, huyo huyo nyanya yako, alinivalisha gauni la kanisani akasema tunaenda Nakuru kumsalimia dada yake. Tulifika, tukanywa chai, wakacheka. Kisha mama akanipa chupa akaniambia niende na binamu yangu dukani tulete maziwa. Njiani tulicheza kidogo. Niliporudi na maziwa mama hakuwapo. Nikaangalia chooni, nikaangalia nyuma ya nyumba. Mama mkubwa akaniambia, "Amekwenda, atakuja kukuona. Lete maziwa yaingie kwa sufuria." Nguo zangu zilikuwa nyuma ya mlango, zimefungwa ndani ya shuka. Zilikuwa zimeletwa mapema, nadhani, na mimi nilikuwa nimeketi karibu nazo nikinywa chai.

Nilikaa Nakuru hadi nilipoanza kazi ya uuguzi. Mama mkubwa alinisomesha, hakunitesa, na bila yeye nisingefika nchi hii. Kwa hiyo nilipokuwa nikisimulia hadithi hiyo, niliisimulia kwa kicheko. Wakenya wenzangu hapa Sydney wakisikia wanacheka pia, kwa sababu nusu yao waliachwa hivyo hivyo, huyu kwa mjomba, yule kwa nyanya. Tunasema, "Na si tulisoma?" Ni kweli tulisoma. Lakini Kerubo, mpaka leo nikienda kwa watu nikatumwa dukani, moyo wangu unaenda mbio. Mwaka jana baba yako alinituma maziwa hapo chini, nami nilirudi nikikimbia mvuani, mtu mzima, na sikujua nakimbilia nini. Nilijua mpango wetu utakuuma, na nilijua utauma kwa namna gani hasa. Nikaupanga hata hivyo, kwa sababu mimi kuachwa Nakuru kulinifanya mtu.

Usidhani baba yako ni shetani. Baba yako ni mtu mwenye hofu, na hofu ya mwanamume wa kwetu haina mahali pa kukaa ila kwenye hasira. Yule kijana wa kanisani aliyekamatwa na polisi, tulimbeba mikononi akiwa mchanga. Baba yako alikwenda kumwona rumande, akarudi, akakaa ndani ya gari nje ya nyumba, haingii. Halafu shule ikapiga simu kwamba hukufika. Halafu tukakukuta pale madukani na wale wakubwa kuliko wewe, unanuka ule moshi wa stroberi wa sigara za umeme, na baba yako alipokuita ukamwambia "whatever" mbele ya watu. Usiku ule aliniambia, "Mama Kerubo, hii nchi inatunyang'anya mtoto tukiangalia. Tumrudishe nyumbani kabla hajaisha." Nilikubali kabla hajamaliza. Sikumbuki hata mmoja wetu akisema, tumuulize.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, kuna bibi mmoja ambaye hajui tena ni mwaka gani. Ananiita kwa jina la dada yake. Kila asubuhi, kabla sijamgusa, lazima nimuulize kama ninaweza kumwosha. Akikataa namwacha, narudi baadaye, namuuliza tena. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha wauguzi wanafunzi, na nawakaripia wakisahau. Nimefanya hivyo miaka yote. Na mtoto wangu mwenye akili timamu sikumuuliza anataka kuishi bara gani. Nililiona hili siku moja nikiwa nimeshika kitambaa cha maji moto, ikabidi nitoke nje ya chumba cha yule bibi.

Ulipokwenda kwa mshauri wa shule, na mshauri akakutafutia wakili, mimi nilidhani tutapelekwa korti kama wezi. Yule wakili wa vijana alinishangaza. Binti mdogo, kavaa raba, anakunywa maji kwenye chupa kubwa kuliko kichwa chake. Alituketisha mimi na wewe akatuambia kwamba hapa hakuna ile karatasi ya Amerika, ya kumfanya mtoto kuwa mtu mzima kabla ya miaka kumi na minane. Hapa mtoto hutoka kwa wazazi kidogo kidogo. Akifika umri wako, na mahali anapokaa ni salama, polisi hawatamburuta kurudi kwao. Daktari anaweza kumsikiliza peke yake. Korti inaweza kuamua akae wapi, na jinsi anavyokomaa ndivyo inavyosikiliza zaidi anachotaka mwenyewe. Lakini mpaka atimize kumi na minane, kisheria mama yake bado ni mama yake.

Mimi nilishika hilo la mwisho nikashukuru. Wewe ulilia kwenye treni mpaka Granville. Ulikuwa unataka karatasi. Ulitaka kitu kimoja cha kuonyesha mtu, kwamba hakuna awezaye kukuchukua. Niliogopa kukushika mkono, nikashika mkoba wangu.

Wakili akakuombea kortini, na korti ikasema usitolewe nje ya nchi, na pasipoti yako ikawekwa mbali nasi. Nilipomwambia baba yako alikwenda gereji akarudi na bisibisi, akaung'oa mlango wa chumba chako. Alisema, "Mtoto anayeita serikali kwangu hawezi kujifungia kwangu." Uliketi kitandani ukimtazama akifungua skrubu, moja, nyingine. Mimi nilisimama kwenye korido. Alipoubeba kuutoa, nilijibanza ukutani apite nao. Hicho ndicho nilichofanya, Kerubo. Nilimpisha.

Jioni nikakutundikia leso, ile ya maua mekundu, nikajiona mwema.

Simu ya kwanza ilinikuta kazini, kwenye korido, mkokoteni wa dawa mbele yangu. Yule mama alikuwa na sauti nzuri. Akaniuliza kama kuna sababu yoyote ya wewe kutoweza kuishi nyumbani. Nilisimama wima. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, "No reason at all. She is my child. My door is open, even now, even at night, my door is open." Nilisema kwa sauti hata wenzangu wakageuka. Nilifikiri pale anapoandika ataandika kwamba huyu ni mama. Kwetu mtoto hata akiichoma nyumba, mama husema mlango uko wazi. Asiposema hivyo amemkana, na mama aliyemkana mtoto watu humpisha njiani. Sikujua kwamba kwa sentensi hiyo moja nimekufungia. Sijui, labda nilijua kidogo. Nikiwa mkweli, nilijua kidogo.

Walipokuambia, ulinijia hapa jikoni na simu mkononi. Hukupiga kelele, na ndiyo maana niliogopa.

"You told them the door is open."

"Ndiyo. Na ni kweli. Mimi sijawahi kukufukuza."

"Mum. I don't have a door."

Ukaenda ukaivuta leso upande, ukasimama pale. Nikaona nilichokuwa nikipita kila siku bila kukitazama. Zile bawaba tupu zina rangi nyeupe juu, na moja ina kipande cha mbao kimebaki. Kitanda umekisukuma kwenye kona ambayo mtu akiwa kwenye korido hawezi kukuona. Nguo zako za kubadilisha ziko kwenye mfuko, kwa sababu unavalia bafuni. Nikakuuliza mbona unalala na jaketi, na ukasema, "In case." Sikukuuliza in case ya nini. Mtoto wangu analala amevaa kama mtu anayesubiri kuamshwa na kubebwa, katika nyumba ambayo mimi ninaifanyia kazi usiku na mchana iwe salama.

Mlango uko gereji, nyuma ya mashine ya kukatia majani. Bisibisi najua ilipo. Ningeweza kuurudisha mwenyewe siku yoyote baba yako akiwa kazini Ingleburn, na hajawahi kuninyooshea mkono, kwa hiyo usidhani nilikuwa naogopa kipigo. Niliogopa kwamba nikiurudisha atajua nimesimama upande wako, halafu wewe utaondoka kama watoto wote, nami nitabaki na mtu asiyeniongelesha. Nilikuwa najiwekea akiba ya amani, na wewe ndiye uliyeilipia. Hilo ndilo ninaloomba ulikumbuke kuliko mengine yote niliyoandika. Ukijikuta siku moja unampisha mtu anayebeba kitu cha mtu mdogo kuliko nyote wawili, kwa sababu tu hutaki nyumba inuniane, simama hapo hapo katikati ya korido. Mimi sikuweza. Nataka wewe uweze.

Kuna mengine yananitia hofu, nitayasema yalivyo.

Naogopa watakuwa wema kwako, hao watu wa Auburn. Usicheke. Watakuwa wema, kisha saa zao za kazi zitaisha, wachukue funguo waende kwao, na wewe utadhani umefanya kosa. Hujafanya kosa, ni kazi. Mimi pia huwaaga wazee wangu hivyo kila siku na ninawapenda.

Naogopa watakupenda kwa ajili ya hadithi hii. Mtu akisikia baba aling'oa mlango atashika kifua, atakuambia pole, atataka usimulie tena kwa mwenzake. Simulia unavyotaka, ni yako, na usitufiche. Lakini wewe pia ni yule msichana anayejua kuiga sauti ya mchungaji hadi baba yake anatoka mbio chumbani akidhani ana mgeni. Waonyeshe na huyo. Usiwaachie wakujue kwa bawaba tu.

Naogopa upweke wako, ule wa saa za jioni ambapo nyumba za watu zinanuka vitunguu. Nilipofika Sydney, kabla baba yako hajaja, nilikuwa napanda treni kutoka kazini na ninapitiliza kituo changu makusudi, niendelee kuwa na watu. Ukijikuta unafanya hivyo usione aibu. Lakini usiende na mtu wa kwanza atakayekuita dada kwa sababu tu amekuita. Mpe muda umwone akikasirika. Mtu hujui ni nani mpaka umwone amenyimwa kitu.

Na naogopa lile uliloniuliza Jumatano. Nilikuwa naosha vyombo, ukanisogelea ukasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, wewe ambaye hunijibu Kiswahili siku hizi, "Mama, baba anaweza kunilaani kweli?" Nilikujibu vibaya. Nilisema "Aa, wacha hizo," kwa sababu niliogopa jibu. Najua Bosibori amekujaza mambo ya laana za wazee wa kwetu. Basi jana nimemuuliza baba yako mwenyewe, uso kwa uso. Nilimuuliza, "Umemlaani mtoto?" Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Akasema, "Mimi? Nimlaani Kerubo? Hata wewe umenifikisha hapo?" Halafu akatoka akaenda kukata majani ambayo aliyakata juzi. Kwa hiyo hujalaaniwa. Umekasirikiwa, umeogopewa, na umekosewa, lakini kulaaniwa hapana. Lala bila hilo.

Sasa turudi kwenye simu.

Nimekuwa nikijifunza jibu langu. Unanisikia nimefungua bomba la maji jikoni bila kuosha kitu, sasa ujue ndiyo hiyo. Kwa Kiingereza linatoka. "No, she cannot live here at the moment." Nalitamka kama ninavyokabidhi shifti, mgonjwa wa chumba fulani amekataa kula. Lakini nikijaribu kulisema kwa Kiswahili, mwanangu hawezi kuishi nyumbani kwangu, silifikishi mwisho. Nimejaribu hapa juu ya sinki, na mara zote nimeishia kwenye "mwanangu".

Baba yako alinikuta. Alikuwa amekuja kuchukua maji. "Unaongea na nani?"

"Najifunza nitakachosema kesho."

"Utasema nini?"

Nikamwambia. Nilitamani bomba liwe na kelele zaidi. Alisimama na glasi tupu. "Mama Kerubo, ukisema hivyo, mimi je? Si watasema mimi ni mtu mbaya?"

"Watasema wewe ndiye uliyeng'oa mlango," nikamwambia, "na watasema mimi ndiye niliyekupisha."

Nilingoja apige meza. Hakupiga. Aliweka glasi kwenye sinki bila kunywa, akasema, "Kwa hiyo unamkana mtoto kwa simu." Nikamjibu kwamba sijui kinaitwaje. Nikamuuliza kama usiku huu ukikubali kubaki, ataurudisha mlango na kuapa hakuna ndege. Alifikiri. Nampa sifa hiyo, alifikiri kweli, nilimwona. Halafu akasema, "Siwezi kuapa." Akarudi kwenye mpira, na ndipo alipopandisha sauti.

Kwa hiyo sasa unajua ninachojua. Kusema kesho kwamba mlango uko wazi kungekuwa uongo, na mimi nimeshakudanganya mara moja na kubwa. Tumeishi katika nchi hii kwa sifa ya kuwa watu wa familia. Jumapili ijayo kanisani watajua. Wataniuliza, "Ni kweli wewe mwenyewe ndiye uliyesema?" na kuna rafiki zangu ambao hawataketi nami. Naogopa hilo kuliko unavyofikiri, mimi ni mtu wa kupenda kuketi na watu. Naogopa kurudi kutoka kazini na kupita chumba kisicho na mlango wala mtoto. Naogopa hasa kwamba utapazoea huko, utasahau sauti yangu kwanza, kisha hasira yako, na mwisho hutabaki na chochote cha kukuleta. Hakuna wakili wa kunizuilia hayo yasitokee.

Yule mama akipiga nitakuwa nimekaa. Nitaiweka simu kwenye spika, baba yako asikie kwa masikio yake na asije akasimuliwa. Ataniuliza kama unaweza kurudi nyumbani, nami nitasema hapana. Akiniuliza sababu, nitamwambia kwamba nyumba hii bado haiwezi kukuahidi kwamba utaamka ndani yake. Sauti yangu itatetemeka na atadhani nasema uongo, kwa hiyo nitarudia.

Usinipigie kuniuliza nimejibu nini, sitaweza kukuambia bila kulia, na wewe utaanza kunihurumia urudi. Siku watakapokuja kukuambia kwamba umekubaliwa, kwamba unaweza kukaa, ujue kuna mtu aliulizwa kama anakutaka nyumbani, naye alikutaka mno, akasema hapana.

Ni mimi,
Mama